Uzio wa Mama Mdogo

Nililitaka shamba lile. Kwa miaka zaidi ya ishirini nimekana, mbele ya ndugu, mbele ya mume niliyekuwa naye, na mbele ya wanafunzi ambao hata hawakuniuliza, kwamba eka zile chache za Mazingara ziliwahi kuwa na maana yoyote kwangu. Nilikuwa nikisema, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba mimi na jembe tuliachana mapema na kwa amani. Uongo. Nililitaka kama mtoto anavyotaka chakula kilicho kwenye sahani ya mwenzake, na nilipolikosa nikaanza kutangaza kwamba chakula chenyewe hakina chumvi. Nalisema sasa kwa sababu Mama Mdogo Salima, aliyelilima shamba lile, tumemzika Kwashemshi kwenye kiwanja cha baba yake, na kwa sababu baada ya arobaini nilipewa kazi iliyonirudisha kule kule nilikokuwa nakukana: kutafuta nguzo zisizooza.

Kikao kilifanyika sebuleni kwa Mjomba, sahani za makande zikiwa bado magotini. Mbuzi wa jirani walikuwa wamefanya kaburi bichi mahali pa kulala mchana, na Mjomba, ambaye hajawahi kumfukuza mbuzi katika maisha yake, alikuwa amekasirika. "Tuzungushie uzio," alisema. "Seng'enge na nguzo. Lakini nguzo za maana. Sitaki kuja hapa mwakani nikute mchwa wamekula uzio wa mdogo wangu." Kijiko kikakwangua sahani, halafu shemeji mmoja akasema, "Apewe Rehema. Yeye ni msomi, ana watu." Nina watu, ni kweli: wahariri wawili, na mhasibu wa chuo ambaye hajibu simu zangu. Lakini mtu akishasema una watu, huwezi kusema huna. Kisha mke wa Mjomba, akikusanya sahani, akasema kwa upole wa kweli kabisa, "Ila mwaka huu, Rehema, chagua nguzo zisizo na majani." Sebule nzima ikacheka. Hata mimi nilicheka. Ule utani una umri sawa na mtoto aliyemaliza chuo na kuoa, na kila aliyekuwa pale aliujua: Salima, Msambaa aliyepanda nguzo.

Basi nikaanza kupiga simu. Sikujua kwamba kumbe mti usiooza umekuwa kitu cha kuulizwa kwa sauti ya chini, kama dawa ya nguvu. Mtu wa Handeni nilipomtajia mkongo alicheka mpaka akakohoa. "Mkongo? Mama, ulilala wapi? Mkongo siku hizi unauona kwenye milango ya wakubwa tu." Mninga alikuwa nao, akanitajia bei ya ubao mmoja, nikadhani ananitajia bei ya mzigo mzima, halafu akaongeza kwamba kibali ni juu yangu, na kwamba usiogongwa alama ya nyundo ya misitu nisithubutu kuupitisha kwenye kizuizi cha barabarani. Korogwe nilikwenda mwenyewe. Pale nikaonyeshwa nguzo za mkaratusi zilizopangwa vizuri, nyeusi, zinang'aa. "Zimetiwa dawa hizi, miaka thelathini," alisema kijana wa duka. Nilikwaruza moja kwa ufunguo wa gari. Ndani ilikuwa nyeupe kama muhogo. Ilikuwa imepakwa oili chafu ya gari, basi, na kijana hakuona hata haya. "Sasa mama, kwa bei ile ulitaka dawa iingie mpaka ndani?" Mwishowe mfanyabiashara wa mbao wa Segera, Shabani, aliniahidi msaji, ule wanaouita mtiki. Kuna mtu anavuna, alisema, akishamwona atanipigia. Nikarudi nyumbani kusubiri simu ya Shabani, na katika kusubiri huko ule mwaka ukaanza kunirudia, chumba kwa chumba.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na nasubiri chuo, na nyumbani walinipeleka kwa Mama Mdogo ili nisikae bure. Alikuwa amepanga chumba kimoja Segera, nyuma ya vibanda vya chipsi, na chumba hicho kilinuka maganda ya machungwa na moshi wa malori kiasi kwamba hata leo nikimenya chungwa nasikia breki. Hakuwa na mtoto wala, wakati ule, mume. Aliuza machungwa kwa abiria wa mabasi, na alikuwa na namna ya kulimenya chungwa kwa kisu bila kukata ganda, likashuka lote kama utepe, huku akiongea na mtu mwingine kabisa. "Chukua, baba, tamu hiyo. Usiniangalie mimi, angalia chungwa." Usiku alilala kitandani nami nikalala juu ya magunia, na alfajiri malori yakituamsha alikuwa akiniuliza swali lile lile: "Chuo watakuita lini?" Nikimjibu sijui, alisema, "Basi twende shamba. Mahindi hayasubiri barua."

Shamba lilikuwa Mazingara. Tulishuka barabara kuu na kuingia ndani kwa miguu, vumbi jekundu, vichaka, nyumba moja moja. Aliliazima kwa Mzee Mhando, Mzigua mwenye ardhi kubwa na sauti ndogo, miaka kadhaa kabla mimi sijafika. Aliazimwa kwa heshima zote, mbele ya wazee, juu ya sinia la bada, ule ugali wao wa muhogo, na maneno aliyoambiwa siku hiyo aliyarudia kwangu mara nyingi hata nikayajua kama aya. "Lima mpaka utakapochoka mwenyewe," Mzee Mhando alimwambia. "Panda chochote kinachoisha. Usipande kinachobaki." Hakuna mtu wa kule anayehitaji kufafanuliwa maneno hayo. Mahindi yanaisha, kunde zinaisha, ufuta unaisha. Mwembe unabaki. Mnazi unabaki, mchungwa unabaki, na aliyepanda mti leo, kesho ana neno juu ya udongo ulio chini yake, na keshokutwa watoto wake wana maneno mawili. Mgeni hapandi mti. Akipanda, amesema kwamba yeye si mgeni tena, na mwenye ardhi ana haki ya kumjibu.

Mama Mdogo aliishika amri ile kwa namna iliyonichekesha. Mwanamke aliyeishi kwa machungwa hakuweza kupanda mchungwa, sawa. Lakini hata tukila machungwa pale shambani wakati wa mapumziko, kokwa alizitemea kwenye ncha ya khanga, akazifunga fundo, na jioni tukirudi akazimwaga barabarani. Mimi nilitema moja chini, ovyo, siku zangu za mwanzo. Aliacha kula, akapiga magoti, akaitafuta kwenye majani mpaka akaipata. "Mwanangu," alisema, akiipangusa, "hapa tunakaa kwa mdomo wa mtu."

Mzee Mhando alipenda kupita jioni. Alikuja akitanguliwa na kikohozi chake, akaketi kwenye kigogo mbele ya kibanda cha udongo tulicholala siku za kazi nyingi, nami nikamwamkia shikamoo, na yeye na Mama Mdogo wakasalimiana, huyu kwa Kizigua na huyu kwa Kisambaa, wakaelewana vizuri tu. Halafu yakaanza. "Bi Salima, nasikia huko kwenu milimani mkienda kulima mnajifunga kamba kiunoni, msije mkaporomokea kwa jirani." Mama Mdogo alikuwa akimpakulia mlenda bila kuinua macho. "Kweli, mzee. Na nyie huku tambarare mkishapanda mnajifunga vilemba, mkakae msikitini mpaka mvua inyeshe." Mzee alicheka bila sauti, mabega tu. Nilimpenda. Hilo nalo nimelikana, lakini si kwa nguvu kama lile la shamba. Nyuma yake mara nyingi alisimama mwanawe Bakari, kijana aliyekuwa ameoa karibuni, mkimya, akichora ardhi kwa kidole cha mguu. Jioni moja nikiwa ndani naosha sufuria, nilisikia kupitia ukuta wa udongo. "Na kama nikitaka kununua, mzee? Hata kipande?" Kigogo kikalia, mtu akijigeuza. "Tutaongea, Bi Salima." "Lini, mzee?" "Tukishavuna." Mama Mdogo aliingia ndani uso wake ukiwa mpya. Usiku ule aliimba.

Ndipo na mimi nikaanza kulitaka. Upande wa juu wa shamba kulikuwa na mwinuko kidogo, na asubuhi za baada ya mvua uliweza kuona kutoka pale, mbali sana kaskazini, milima yetu, kama moshi uliosimama. Nilipanga mawe manne: pembe za nyumba. Nikapanga mawili zaidi: dirisha. Nilikaa ndani ya nyumba hiyo isiyo na kuta nikasoma riwaya niliyoisoma tayari. Mama Mdogo alinikuta, akayatazama mawe yangu, akaelewa mara moja, nikaona aibu kama mtu aliyekutwa bafuni. "Siku moja utalima wewe hapa," alisema. Nikacheka, kile kicheko cha mtu aliyesoma. "Mimi? Mimi nakwenda chuo, Mama Mdogo." "Chuo hakina mahindi," alisema, akaingia ndani ya nyumba yangu kupitia mahali ambapo nilikuwa nimekusudia kuweka mlango.

Adui zetu walikuwa wawili: nguruwe pori waliokuja usiku, na ng'ombe wa wafugaji waliopita kutafuta malisho. Mama Mdogo alikuwa amenunua seng'enge kidogo kidogo. Alichokosa ni nguzo. Kwa watu wasio na kitu, Korogwe ina mlingoti wa mkonge, ule unaochomoza katikati ya mmea ukishazeeka: mrefu, umenyooka, mwepesi, karibu bure. Ni mimi niliyesema mkonge ni nyuzi tupu na mchwa hawali nyuzi. Hakuna aliyeniuliza nimeyatoa wapi, na mimi mwenyewe hadi leo sijui. Tuliisimamisha, ikapendeza. Kabla ya mvua za vuli kuisha uzio wetu ulikuwa bado umesimama, safi, rangi ya maziwa, na Mama Mdogo akagusa nguzo moja kwa kidole. Kidole kikaingia. Mchwa walikuwa wamekula ndani yote na kutuachia ganda kwa adabu. Usiku ule ule ng'ombe walipita katikati yake kama watu wanaopita kwenye pazia, na asubuhi tulikuta mahindi yamelala chini.

Tukaenda Handeni mjini kutafuta mti wa kweli. Nakumbuka uwanja ule wa mbao kuliko ninavyokumbuka mahafali yangu. Mbao za mninga zilikuwa zikipakiwa kwenye lori la Dar, nyekundu, na harufu yake ilijaa mtaa mzima. Mwenye uwanja, mtu mnene aliyevaa saa mbili mkononi, alimwonyesha Mama Mdogo nguzo ya mkongo. "Hii, mama, ukiichimbia leo, itakuzika wewe, itazika na huyu binti." Mama Mdogo aliipapasa. Akaiinamia, akainusa, akaigonga kwa kifundo cha kidole, ikalia kama mlango wa benki. Akauliza bei. Akaambiwa. Akauliza bei ya nusu yake, ikikatwa. Yule bwana akacheka, si kwa ubaya. "Mama, nguzo ni nguzo. Ukikata nusu ni kiti." Aliuliza pia kama zipo zilizochakaa, zilizong'olewa mahali, na akaambiwa kwamba mkongo uliong'olewa mahali huibwa kabla haujalala chini. Tulikunywa chai ya rangi na andazi moja, tukagawana. Tulipofika karibu na nyumbani alisema, kama anajibu mtu, "Mti uliokufa ndio ghali. Ulio hai ungekuwa bure."

Baada ya siku chache Bakari alikuja na nguzo. Alizileta kwa baiskeli, mzigo baada ya mzigo, zimeondolewa matawi na majani, nene kama paja la mtoto, bado nzito kwa maji. Alisimama kwa mbali, kama kawaida yake. "Bi Salima, mkongo wa nini? Huu ni mumbu. Mchwa hawaugusi. Waulize watu." Tuliuliza watu, na watu walikubali: mchwa hawaugusi mumbu. Mama Mdogo aliujua mti ule kwa majani na kwa vitunda vyake ambavyo watoto hula; gogo tupu, lisilo na jani hata moja, lilikuwa kwake gogo tu. Huko milimani alikokulia haukuwapo. Bakari alitaja bei ya kuni, akalipwa, akaondoka bila kunywa maji. Tukachimba. Mzee Mhando mwenyewe alipita tukiwa katikati ya kazi, akasimama, mikono nyuma, akitazama mstari. "Mmenyoosha," alisema. Akashika nguzo mojawapo, akaitikisa. "Hii inayumba. Shindilieni udongo, Bi Salima. Shindilieni vizuri." Tulishindilia. Mama Mdogo alimshukuru. Nimeisikia sauti ile ndogo mara nyingi tangu hapo, hasa ninapopanda maua kwenye makopo na maelekezo ya karatasi yakaniambia nikandamize udongo ili mizizi ishike.

Masika ya mwaka ule yalikuja mapema na kwa wingi. Mimi ndiye niliyeona kwanza. Kwenye kichwa cha nguzo, pale panga lilipokata, palikuwa na kitu chekundu-kijani, kidogo, kama ncha ya kidole cha mtoto. Nikaenda ya pili: kipo. Ya tatu: vitatu. Nilifurahi! Nilikimbia nikimwita, "Mama Mdogo, njoo uone, uzio umechipua!" nikidhani nampelekea habari njema, kwamba maumbile yenyewe yametupenda. Alikuja, akatazama nguzo moja, akageuza shingo akaufuata mstari wote kwa macho mpaka ulipokata kona. Jembe likamtoka mkononi. Akakaa chini kwenye tope na khanga yake safi. "Rehema," alisema, "nimepanda miti."

Tangu siku hiyo tuliamka mapema kuliko malori ya Segera. Tulizunguka uzio, yeye upande huu na mimi upande ule, tukichuma machipukizi kwa kucha, kama watu wanaotoa chawa kichwani mwa mtoto. Tuliyakusanya, tukayachoma. Siku mbili baadaye yalikuwa yamerudi, mawili pale palipokuwa na moja. Nilimshauri tung'oe nguzo zote. Alinitazama. "Na seng'enge niifunge kwenye nini, kwenye mbingu? Mahindi yamefika kiunoni." Alitaka tu kufika mavuno. Tukishavuna, Mzee alisema, tutaongea.

Mzee hakusubiri mavuno. Tuliitwa barazani kwake, tukapewa mkeka na chai yenye tangawizi, na wazee wale wale waliokula bada siku ya kuazimana walikuwapo, wamevaa kofia zao za Ijumaa siku isiyokuwa Ijumaa. Bakari aliketi mwisho wa baraza, akichora sakafu kwa kidole cha mguu. Mzee Mhando aliongea polepole, kwa huzuni hasa. "Bi Salima, nilikuambia nini?"

"Nipande kinachoisha, mzee."

"Na kule kumeota nini?"

"Uzio, mzee. Nilisimamisha uzio. Sikupanda mti."

Mzee mmoja akaguna. "Mti haujui nia yako, mama. Mti unajua udongo."

"Nguzo nimeuziwa na mwanao!" alisema Mama Mdogo, na hapo kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. Wote wakamgeukia Bakari. Bakari alisema, bila kuinua kichwa, "Mimi niliuza miti. Sikuulizwa inakwenda kuchimbiwa wapi."

"Basi nitaing'oa. Leo. Yote."

Mzee Mhando alitikisa kichwa, taratibu, kama daktari. "Ukiing'oa, umekubali kwamba ilikuwa imepandwa. Usipoing'oa, ipo."

Hapo nikaona wakati wangu umefika. Nilikuwa na elimu ya kidato cha sita na sikuwa nimeitumia kwa lolote zaidi ya kuhesabu chenji ya machungwa. Nikasimama, msichana mbele ya wazee, nikasema kwamba kisheria makubaliano yalitakiwa yawe ya maandishi, na kwamba kisheria nguzo ni mali inayohamishika. Nilisema "kisheria" mara nyingi. Baraza lilinyamaza kwa namna ambayo nilidhani ni kushindwa kwao. Mama Mdogo alinivuta khanga, "Kaa, mwanangu," na Mzee Mhando akasema kwa upole uleule, "Kumbe mlikuwa mnatafuta na maandishi." Wazee wakatazamana. Sidhani kama maneno yangu ndiyo yaliyotuondoa; siku ile ilikuwa imeshaamuliwa. Lakini niliwapa kitu cha kusimulia wakirudi nyumbani, na kile walichokuwa wanakionea aibu kikawa chepesi.

Tuliruhusiwa kuvuna, kisha tuondoke. Mahindi yalikuwa mazuri kuliko miaka yote. Hakuna nguruwe wala ng'ombe aliyepita kwenye uzio ule. Tulipoondoka nguzo zilikuwa zimevaa majani, mstari mzima, na kwa mbali ungedhani ni mahali palipopandwa na mtu mwenye uhakika wa kukaa. Mawe ya nyumba yangu niliyaacha. Barua ya chuo ilikuja, nikaenda, na mwaka wa pili niliandika insha kuhusu ardhi ya kimila nikapata alama ya juu. Katika kurasa zote zile sikumtaja Mama Mdogo. Bakari alipanda msaji kwenye shamba lile mvua zilizofuata, miche mistari kwa mistari. Habari ilipanda milimani kabla yetu, na ikifika kwenye arusi na misiba ilikuwa imeshakuwa kichekesho. Mama Mdogo alikisimulia mwenyewe, kwa ustadi, akiiga nguzo inavyoota majani. Alirudi kwenye machungwa Segera, hakuazima tena ardhi ya mtu, na wodini Korogwe mwaka huu, tulipokuwa tumebaki wawili, aliniambia kitu kimoja tu kuhusu mwaka ule. "Niliukosea mti, Rehema. Ningekuwa nimeujua, wewe ungekuwa na mahali." Nikamwambia mimi mahali pa nini, Mama Mdogo, mimi nina nyumba mjini. Hata pale nilikana.

Shabani alipiga simu adhuhuri, nikiwa jikoni. Nyuma yake kulikuwa na mlio wa msumeno. "Mama, msaji umepatikana, tena mzuri, moyo wake umekolea rangi. Niko shambani hapa, Mazingara. Ila mwenyewe, nilipomwambia mti unakwenda kaburini Kwashemshi, akauliza kaburi la nani, sasa anataka kuongea na wewe." Simu ikapokezwa. Nilisikia mtu akihema kabla ya kusema.

"Rehema? Ni Bakari. Bakari wa Mzee Mhando."

"Nakusikia."

"Pole kwa msiba. Sikuwa na habari."

"Tumeshapoa."

Msumeno ukazimwa. Niliweza karibu kusikia kidole chake cha mguu kikichora ardhi. "Alisema chochote kuhusu sisi?"

"Alisema aliukosea mti."

"Hapana," Bakari alisema haraka. "Hakukosea. Mzee ndiye aliyeniambia nimpelekee mumbu. Aliniambia iwe mibichi, iliyokatwa juzi tu, na niikate kabla ya mvua. Alisema, yule mama nilimpa neno langu mbele ya watu, siwezi kumtoa. Lazima ajitoe mwenyewe."

"Na wewe ulijua."

"Nilikuwa na mke na sina pa kwangu." Akakohoa, kikohozi cha baba yake. "Mzee alishatangulia. Chukua msaji, Rehema. Wote unaohitaji. Sitaki hela yako."

Nilitazama nje, kwenye makopo yangu ya maua. Nilikuwa nimetafuta mti usiooza Handeni nzima na Korogwe nzima, na sasa nilikuwa nikipewa bure, uliokomaa kwenye udongo ule, pengine juu ya mawe yangu manne. Nikamuuliza kama ile miumbu ya pembeni bado ipo.

"Ipo. Imekuwa mikubwa. Haina kazi, ni mpaka tu."

"Msaji uza kwa wengine. Mimi nikatie matawi ya mumbu. Yanayotosha nguzo kumi na mbili. Mabichi, Shabani ayapakie leo leo."

"Rehema, lakini unajua hiyo itaota."

"Acha iote," nikamwambia. "Kule hatukuazimwa."